Raizel na Mkate Uliopanda Meli

Saa tano asubuhi, Ijumaa, Raizel Kaminer anakung'uta mifuko ya makoti yote ya nyumba juu ya ndoo. Pasaka ya Kiyahudi ni juma lijalo. Hakuna chembe ya mkate itakayosazwa katika jiko hili dogo la Brooklyn.

Kwenye koti la binti yake yanadondoka makombo ya biskuti. Raizel anayatazama, kisha anajikalia sakafuni.

"Mama!" anamwita mama yake. "Mkate wa Gittel!"

Gittel ni msichana wa kubuni. Yumo katika kitabu cha watoto ambacho Raizel, fundi wa nguo, amekiandika kwa miaka mitatu baina ya gauni na gauni. Mwaka 1904 Gittel anapanda meli kutoka Lithuania kwenda New York na mkate wa bibi yake umefungwa kitambaani. Kila siku anamega kidogo. Kipande cha mwisho anakila bandarini.

Mhariri aliomba sherehe melini, Raizel akaongeza usiku wa Pasaka. Mkate akausahau kitambaani. Siku nane ambazo chachu ni mwiko, na binti wa Kiyahudi anamega mkate!

"Nimekisoma mara mbili," anasema mama yake, Bi. Pesha, huku akisugua oveni. "Nililia. Sikuona kitu."

"Ulilia ukaacha kusoma."

"Na wewe uliyeandika, ulikuwa wapi?"

Kurasa zinakwenda kwa mpiga chapa leo. Raizel anampigia mhariri, Dalia, kwa spika, huku akizunguka meza.

"Watoto hawatagundua, dada," anasema Dalia.

Bi. Pesha anachomoa kichwa ovenini. "Hawatagundua? Nani huzunguka nyumba na mshumaa kabla ya Pasaka akitafuta makombo? Mimi, na magoti haya, au watoto?"

Dalia anacheka, kisha anakohoa. "Nileteeni kabla ya Sabato kuingia jua likizama. La sivyo, kinakwenda hivyo hivyo."

"Ifute hiyo sherehe, yaishe," mama anashauri.

"Bibi yako, mama, alikuwa melini Pasaka nzima, akila viazi. Nikiifuta, nimemfuta yeye."

Kitabu cha kwanza cha Raizel kiliuzwa nakala mia nne tu. Hiki kikiharibika, anasema, hakuna atakayechapa cha tatu.

Anaandika amesimama. Anafuta. Anakwenda dirishani kulipima jua, anarudi. Mwishowe, katika kurasa mpya, Gittel anampa mkate Jadwiga, Mkristo wa Poland anayelala kitanda cha chini, na Gittel mwenyewe anashinda na viazi, tumbo likinguruma. Wanapofika bandarini Pasaka imekwisha. Jadwiga anafumbua kiganja: ukoko mmoja wa mkate. "Nilikuwekea."

Bi. Pesha anasoma. Raizel anang'ata kucha.

"Mbaya?"

"Nyamaza! Peleka, kabla sijalia tena nikapitwa na kitu."

Anatuma. Jua limegusa mapaa. Simu inazimwa kwa ajili ya Sabato, mishumaa inawashwa, na hadi nyota zitoke kesho Sabato ikiisha hatajua kama Dalia amezipata kurasa. Anakaa. Anasimama. Anakaa tena.

Ana mpango gani, basi? Anamtazama binti yake, Bluma, wa miaka minane, ambaye tayari ameketi mezani.

"Juma lijalo huyu ndiye atakayeshika mshumaa," anasema. "Akimaliza makombo ya nyumba, nitampa kurasa za kitabu. Atafute makombo na humo."