Sahani Isiyotoka

Harufu ya ndizi mbivu zikichemka kwa nazi na hiliki, alasiri ya Ramadhani, hunifanya nitafute kawa la kufunikia sahani. Hunipandisha na hasira. Nisikilizeni.

Juzi mjukuu wangu Idrisa aliegemea mlango wa jiko, simu mkononi. "Bibi, Wagiriki wana neno zuri, autarkeia. Maana yake mtu ajitoshe, aridhike na alicho nacho, asimtegemee mwenziwe."

"Hao Wagiriki wako," nikamwambia, "hawajapata kuanguka jikoni."

Utotoni mwangu tulikaa Malindi, chumba cha chini, baba mchukuzi wa bandarini. Kabla ya magharibi vichochoro vilijaa watoto na sahani. Yenu ikitoka na muhogo, hurudi na tambi. Kuirudisha tupu ni aibu. Mie nilikuwa na miaka saba, na kazi ile niliipenda kuliko Idi, maana njiani nilifunua kawa nikalamba tui la pembeni. Saumu yangu ilikuwa na matundu.

Siku moja baba akawasikia wanawake barazani wakicheka: "Sisi twawapelekea pilau, wao watuletea muhogo! Kila siku muhogo!"

Akaingia uso umemvimba. "Kuanzia leo haitoki sahani, haiingii sahani. Nyumba hii yajitosha. Mwenye kukinai hagongi mlango wa mtu."

"Baba Zuhura, sahani si chakula tu," mama alisema taratibu.

"Nshasema!"

Hazikupita siku kumi. Mama, mimba yake ya miezi saba, alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, mara akaanguka. Nazi ikamwagika sakafuni, na damu ikaifuata.

"Kamwite Bi Rukia," alisema. Bi Rukia alikuwa mkunga, mlango wa pili kutoka wetu.

Nilitoka mbio. Nikafika mlangoni kwake, nikainua mkono nigonge, nikamkumbuka baba. Nikarudi.

"Mama, baba kakataza."

Alinitazama. Hakuwa na nguvu ya kusema tena. Nikakaa chini, nikamshika mkono, mpaka baba alipoingia na adhana ya magharibi.

Mama alipona. Kitoto kilizikwa. Baba akanipapasa kichwa mbele ya watu: "Mwanangu huyu msikivu." Nami nikafurahi! Mpaka leo nikikumbuka furaha ile natamani kujizaba kofi.

Bi Rukia alikuja na bakuli la uji, akalia pale kizingitini. "Tungejuaje, mwanangu? Zamani sahani yenu ikichelewa kidogo tu, nilikuja kuuliza kuna nini." Nilimwona mroho. Watu tumefiwa, yeye ataja sahani!

Nimekuja kumfahamu nshakuwa mtu mzima, naye yuko kaburini. Ule muhogo wetu waliocheka ulikuwa ukiwaambia kila jioni kwamba tupo, tu wazima. Baba aliunyamazisha, akasema huko ndiko kukinai. Kilikuwa kiburi, na kilio akalia mama.

Basi nikafunika ndizi, nikamkabidhi Idrisa. "Peleka juu kwa Mama Neema."

"Bibi, Mama Neema Mkristo, hafungi."

"Nimekuuliza saumu yake? Gonga kwa nguvu. Na usiiache mlangoni; ngoja mpaka umwone uso."