Kifua cha Kuazima

Mwaka nilioajiriwa ukarani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, ofisi iliniwekea mbele karatasi mbili, nikatakiwa kuchagua moja kabla ya mwezi kwisha. Ya kwanza ilikuwa ya kipande: siku thelathini za kazi, kisha mtu aondoke au aendelee, na matibabu kwa ajali ya kazini peke yake. Ya pili ilikuwa mkataba wa miaka miwili, ulioambatana na chumba katika laini ya wafanyakazi na kadi ya hospitali ya mgodi kwa mwajiriwa, mkewe na watoto wake, kwa ugonjwa wowote. Ila palikuwa na sharti. Mwenye kile kilichoitwa maradhi ya kuja nayo hakupewa mkataba.

Mimi nilikuwa na pumu tangu utotoni. Nyumbani kwetu Nyasubi, wakati huo kijiji tu pembeni mwa Kahama, mganga alinichanja kifuani nikiwa na miaka minne, safu tatu za chale, akazipaka unga mweusi wa dawa. Dawa haikuponya, chale zikabaki, na kila aliyeziona alijua maana yake bila kuambiwa. Ukubwani nilichomwa sindano mara moja katika hospitali ya serikali Shinyanga, kifua kikafunguka kabla muuguzi hajamaliza kufunga chupa. Sindano hiyo ilikuwapo pia mgodini. Kwa ajili yake niliutaka mkataba, na kwa ajili ya ugonjwa uleule nisingeupata.

Katika laini kulikuwa na desturi iliyoitwa kuazimana kifua. Daktari Mzungu alikuja mara moja kwa mwezi kuwapima waombaji wa mkataba. Wanaume walipanga foleni vifua wazi, kila mmoja na namba yake mkononi, naye alitazama vifua, nyuso hakuzitazama. Basi mwenye kikohozi alimtuma ndugu mzima asimame na namba yake. Watu hawakuiona dhambi. Kwao ilikuwa sawa na kuazimana maksai wa kulimia. Mimi, niliyesoma misheni na kuzoea kuwakemea wenzangu kwa pombe na kamari, niliwahi kumwambia nyapara mmoja mbele ya watu kwamba jambo hilo ni wizi. Wiki iliyofuata nilimwandikia barua mdogo wangu aje.

Alikuja na lori la mpunga, mchunga ng'ombe mpana wa mabega, akicheka tangu alipokanyaga ardhi.

"Shikamoo kaka. Nasikia kifua chako kimechakaa."

"Marahaba. Punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Nusu ya foleni ile ni vifua vya watu. Ila daktari akikipenda hiki changu akaniozesha binti yake, usije ukadai ng'ombe wa mahari!"

Alisimama na namba yangu. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, akaandika katika kadi: kifua safi, hakina alama. Mdogo wangu akarudi kwenye mifugo yake, nami nikabaki na kadi yenye jina langu na mwili wa mtu mwingine.

Haikupita miezi miwili nikatambua jambo ambalo mtu mwenye akili ya kawaida angeliona mapema. Kadi ile iliniruhusu kutibiwa jino, kichocho na homa, nami nikatibiwa yote matatu. Lakini siku ambayo ningefunguliwa shati kwa sababu ya pumu, chale zingeipinga kadi. Iliponibana nilijifungia chumbani, nimeinamia meza, mke wangu akinichemshia majani. Mke wangu ni Mzinza wa Nkome, mtu wa maneno machache. Aliniuliza, "Baba, hapa tulifuata nini?" Nilivuta kikombe cha majani, nikanywa.

Kiangazi cha mwaka wa pili, vumbi lilipokuwa jingi, binti yetu wa miaka mitatu alibanwa kifua. Tulimkimbiza hospitali. Dresa alikuwa yuleyule, Mnyamwezi mcheshi, asiyemtibu mtu bila mzaha.

"Karani, mtoto anapiga filimbi kifuani utadhani treni ya Tabora inaingia stesheni." Kisha akashika kalamu. "Ukooni kwenu kuna pumu?"

"Hakuna," nilisema.

"Na kwa mama?"

"Kwetu hakuna," mke wangu alijibu, macho yake yakiwa kwangu.

Akaandika nimonia, akaanza kumchoma penisilini. Siku ya pili mbavu za mtoto zilikuwa zikizama kila alipovuta pumzi, na midomo imebadilika rangi. Niliketi kando ya kitanda nikijiambia kwamba penisilini ni dawa kubwa, ipewe nafasi. Asubuhi ya siku ya tatu dresa alikuja bila kucheka.

"Dawa haishiki. Nawauliza tena, katika ukoo..."

"Mwambie avue shati," mke wangu alisema.

Nilivua. Dresa alizitazama safu zile tatu kwa muda mrefu.

"Siku tatu, karani," alisema, akaenda kabatini kuchukua sindano ya pumu.

Kwa muda wa kuchemsha chai mtoto alikuwa anapumua na kuomba maji. Dresa aliandika aliyopaswa kuandika, wala simlaumu. Kabla ya wiki kwisha kadi ilichukuliwa, tukatakiwa kuhama chumba, tukarudi Nyasubi.

Binti yetu alifariki kiangazi kilichofuata. Sindano ya karibu ilikuwa safari ya lori, na lori halikupita siku ile. Msibani watu walisema ni kazi ya Mungu. Sikuitikia, kwa kuwa niliogopa kumsingizia.

Nimejihukumu mara nyingi tangu hapo, na hukumu hainyooki. Ningesema kweli mbele ya karatasi zile mbili, mtoto asingepata hata sindano ile moja. Sharti lililomnyima mgonjwa tiba kwa kosa la kuwa mgonjwa lilikuwa dhuluma, nami nasema hivyo bila kusita. Lakini neno "hakuna" halikuandikwa katika sharti lolote. Nililitamka mwenyewe kando ya kitanda, nikalilinda siku tatu, mchana na usiku, kwa sababu ya chumba na kadi.

Mke wangu hakunilaumu kwa mkataba, wala kwa kifua cha mdogo wangu. Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, akitembea hatua chache mbele yangu, alisema bila kugeuka:

"Ulipoulizwa pale, baba, mtoto alikuwa anakutazama."