Friji ya Wamarekani wa Bofa

Kwa miaka saba Bi Sidi alikuja soko la Kilifi kila siku saa tatu asubuhi, na kila siku alinunua vitu kama vya kulisha ndege: nyanya tatu, vitunguu viwili, ndimu nne, samaki mmoja wa kiasi. Mama yangu alikuwa na meza ya mboga karibu na lango, na alimzoea hata akawa anamchagulia zile nyanya kabla hajafika. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nangoja kupangiwa shule ya kufundisha, nikikaa nyuma ya meza na kitabu changu.

Bi Sidi alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kifaransa aliyeishi peke yake Bofa, Madamu Odile. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa kidogo. Kahawa ilinywewa katika kikombe kisichozidi ganda la yai. Mkate ulikuwa wa siku hiyo hiyo. Friji ilimfika Bi Sidi kiunoni, na ndani yake mlienea chupa ya maziwa, siagi, na jibini iliyonuka. Chochote cha kupikwa kilitoka sokoni asubuhi ile ile, kwa sababu Madamu hakuwa na imani na chakula kilicholala.

Safari ya sokoni ilikuwa na kazi ya pili, ambayo Madamu hakuijua, au aliijua akanyamaza. Nyuma ya soko, mlango wa tatu kutoka kwetu, aliishi mama yake Bi Sidi, mzee Kahonzi. Macho yake yalikuwa yamefifia, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia kidonda kisiginoni. Hospitalini walisema wazi: kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Bi Sidi alilala kazini, na siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumapili tu. Basi alinunua haraka, akaosha haraka, akafunga haraka, akarudi Bofa. Robo saa ndiyo iliyokuwa ya mama. Mzee mwenyewe hakutaka mtu mwingine auone mguu wake. Mama yangu alijaribu mara moja, akafukuzwa kwa bakora.

Mwanzoni mwa mwaka wa themanini na nne Madamu alirudi kwao. Nyumba ikachukuliwa na Wamarekani, bwana mmoja mtaalamu wa mikorosho na mkewe, nao wakakubali kubaki na mpishi.

Asubuhi ya kwanza Bi Sidi aliandaa kahawa kama alivyofundishwa. Bwana, mtu mwenye viganja kama sahani, alikitazama kile kikombe, akakishika kwa vidole viwili, akakimaliza kwa funda moja, kisha akakaa akingoja kahawa. Bi Sidi naye alisimama akingoja kurudishiwa kikombe. Walingojana hivyo mpaka mkewe, Memsabu, alipocheka, akaenda kwenye masanduku yao akatoa kikombe cha mumewe. Garama, mtunza bustani, alisema kile kingemnywesha mbuzi na mwanawe.

Wiki ya pili lori lilileta friji kutoka bandarini Mombasa. Ilibidi mlango wa jikoni ung'olewe ndipo ipite. Ilikuwa na milango miwili kama kabati la nguo, na kando yake sanduku zito la chuma la kupunguza nguvu za umeme, lililonguruma mchana kutwa.

“Dada, kodi ya humu ni ngapi?” Garama aliuliza, akichungulia ndani. “Maana mimi na wanangu tunaenea.”

Bi Sidi hakucheka. Memsabu alikuwa anamweleza kwa furaha, nusu Kiswahili nusu ishara, kwamba sasa hatatembea tena juani kila siku. Kila Jumamosi wao wenyewe wangeenda Mombasa kwa gari na kurudi na vitu vya wiki nzima. Alidhani anamtua mzigo.

Angeweza kusema pale pale. Lakini kwao mtu hamwendei tajiri wake na shida yake mwenyewe mdomoni. Hutafuta wa kumsemea, ili kama ni kukataliwa, pasiwe na mtu wa kumwonea haya kila asubuhi. Naye kwa Wamarekani hakuwa na wa kumsemea. Akaamua kutafuta njia nyingine.

Friji ikiwa tupu, aliwaza, nitatumwa sokoni. Basi akaazimia kuimaliza. Alikaanga kuku wawili pale ambapo mmoja angetosha. Alipika wali wa nazi sufuria nzima, akachemsha viazi vya watu kumi, na mayai hakuyahesabu. Aliamini kwamba watu wawili, hata wawe Wamarekani, wana mwisho wao. Lakini walikula, wakasifu, wakasafisha sahani. Kufikia Jumatano rafu zilikuwa nyeupe, na Bi Sidi akasimama jikoni amejitanda leso, kikapu mkononi. Memsabu alifungua friji, akashangaa, akamshukuru kwa upishi wake, akachukua ufunguo wa gari. Alasiri alirudi kutoka Mombasa na vitu mara mbili ya vile vya kwanza.

Wakati huo wote kidonda cha mzee Kahonzi kilioshwa Jumapili kwa Jumapili. Jumapili ya tatu nilipita kumwamkia, nikakutana na harufu mlangoni, kabla hata kitambaa hakijafunguliwa. Bi Sidi alipomaliza kuosha alikuja kwetu akakaa kizingitini. Alinieleza yote, pamoja na habari ya kuku. Kisha akanitazama.

“Wewe una Kiingereza,” alisema. “Nisemee.”

Nilimwambia mimi si mtu wa kusema. Mama yangu akaniita kwa jina kutoka ndani.

“Waruguru, miaka yote hiyo umesoma ili uje usemeshe nani? Panya?”

Jumatatu nilikaa kwenye kiti jikoni Bofa, nikasema nikiitazama sakafu. Nilieleza habari ya mguu, na ya saa tatu, na ya ile robo saa. Nilipomaliza Memsabu aliuliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo, nami nikaeleza nilivyoweza. Bi Sidi, alipoona makubwa yamekwisha kutoka, akanigusa bega akasema nimalizie na ya kuku.

Memsabu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia.

“Mwambie,” alisema, “mume wangu hafungi kifungo cha suruali tangu wiki jana. Tuliogopa kwamba tukibakisha tutamvunjia heshima mpishi.”

Nilipomfasiria, Bi Sidi alilazimika kushika ukingo wa meza kwa kicheko. Memsabu alikuwa ameshika ufunguo tayari. Alitupeleka kumchukua mzee Kahonzi, akatufikisha hospitali. Daktari aliondoa nyama iliyooza, akatupa dawa, akasema mguu umenusurika kukatwa, lakini wiki nyingine kama zile asizisikie. Bi Sidi aliniomba nilirudie neno hilo la mguu, ingawa daktari alikuwa amelisema kwa Kiswahili.

Njiani Memsabu alisema Bi Sidi aende kwa mama yake kila siku saa tatu. Naye aliuliza, kupitia kwangu, anunue nini. Asinunue kitu, alijibiwa, friji imejaa. Aende tu.

Hilo alilifikiria mpaka tunafika. Miaka saba saa ile ilikuwa ya nyanya na samaki, na mama alipata iliyobaki. Sasa angekuja mikono mitupu, na saa nzima ingekuwa ya mama.

Mama yangu alinung'unika kupoteza mteja. Aliyenung'unika zaidi ni mzee Kahonzi. Mvua za masika zilipoanza, kidonda kilikuwa kimebaki ukubwa wa kifungo cha shati, na manung'uniko yake yalikuwa juu ya bintiye. Zamani, alisema, Sidi alikuja akaosha akaenda zake. Siku hizi anakaa, anamchana nywele, anamuuliza habari za watu waliokwisha kufa, mpaka uji unapoa. Mvua ikikatika alimwambia hivyo kila aliyepita, akiwa ameketi nje ya mlango wake, miguu yote miwili ameinyoosha juani.