Kuku Aliyeruhusiwa

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema. Siku ya soko pale Kianjai, mama alipompa kidole muuza dawa mmoja mwenye kipaza sauti ampime damu, nilisimama karibu kuhakikisha sindano inatoka kwenye pakiti. Yule bwana alidondosha damu kwenye kioo, akaitazama hata sekunde kumi hazikuisha, akatangaza: kundi O. Kisha akampa mama karatasi iliyopigwa kopi mpaka maandishi yakafifia. Upande mmoja vyakula vinavyoruhusiwa na damu yake, upande wa pili vile vitakavyomuua polepole. Ngano hapana, viazi hapana, maziwa hapana.

Mama alianza kumwita yule bwana daktari. Akanywa chai ya rangi, akasema magoti hayamsumbui tena. Nilimfumania kwa jirani akila mandazi ya ngano.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu wa Kianjokoma, kule Embu. Wazazi wake walikuwa wameshakuja kwetu, wakala wakashiba. Sasa ilikuwa zamu ya mama kwenda kuona boma lao. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo mama akisema hapana, hakuna ndoa. Na shangazi zangu walikuwa wamemjaza maneno: ukienda kwa watu usiowajua, chunga unachotiliwa kwenye sahani.

Tulipofika, mama mkwe alituchinjia kuku wawili. Akampakulia mama mukimo wa viazi vilivyopondwa, maharagwe meusi ya njahi na paja zima. Mama aliitazama ile sahani, akaisukuma katikati ya meza.

"Mnisamehe, mkwe wangu. Damu yangu ni grupu O. Hii chakula yote daktari alinikataza."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

Kwetu, kukataa chakula cha mkwe ni kumwambia mbele ya watoto wake kwamba unaogopa mkono wake. Mama mkwe hakubishana. Alichukua kijiko, akachota mukimo kwenye sahani ya mama, akala. Akanyofoa kipande cha lile paja, akala, akameza taratibu huku akimtazama mama machoni. Kisha akairudisha sahani mbele yake.

"Sasa kula, mama."

Nilitamani ardhi inimeze. Karatasi ile nilikuwa nimeisoma mara tatu nikitafuta uongo wake, na kuku alikuwa upande wa kuruhusiwa. Mama alijua, na alijua kwamba ninajua. Aliponigeukia nikainamisha kichwa.

"Ni ukweli," nikasema. "Daktari alimkataza."

Mama mkwe aliondoa sahani. Sijui kama alinisadiki. Nilijichukia siku nzima.

Tulioana, na sasa ni mwaka wa sita nikiishi Kianjokoma. Nilipojifungua, mama alikuja kumwona mjukuu. Nilimpikia kuku kwa mikono yangu, jikoni kwangu, tangu kuchinja mpaka kupakua. Alimpakata mtoto, akamsifu macho, akapokea sahani. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Uko sure umepika peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Akaiweka sahani chini, akasema amekula njiani, ameshiba. Nilikasirika; sasa hata mimi nilikuwa mmoja wa watu asiowajua. Siku zote tatu alizokaa kwangu, mama yangu mzazi alikula ndizi alizotoka nazo Kianjai, akizimenya mwenyewe.