Swali Lililorudishwa

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na kanuni aliyoishika kama kiapo. Mtoto akimuuliza kama jambo lililomo hadithini ni la kweli, hakumjibu ndiyo wala siyo. Alimrudishia swali lake. "Wewe unaonaje?" alimwambia, kisha akafunga mdomo na kungoja, hata kama darasa zima lingenyamaza mpaka asikike inzi dirishani.

Kanuni hiyo hakuzaliwa nayo. Alikuwa binti wa fundi cherehani, amekulia katika nyumba iliyojaa vipande vya vitambaa na isiyo na kitabu hata kimoja. Maneno ya kwanza kuyasoma yalikuwa yale ya kwenye maboksi ya nyuzi. Aliolewa, hakujaliwa mtoto, mume akaondoka kwa sababu hiyo. Akabaki na watoto wa darasani, wa kuwapokea mwanzoni mwa mwaka na kuwaaga mwishoni. Kwa miaka mingi aliwafundisha kama alivyofundishwa yeye: mwalimu anasema, watoto wanaitikia, kengele ikilia kila mtu anashika njia yake. Walikariri kama kasuku, na mtihani ukipita hakibaki kitu.

Ndipo akapelekwa semina. Mwezeshaji alikuja na maboksi ya riwaya za watoto, zote za mambo ya ajabu, za milango isiyoonekana na miji iliyo chini ya miji, na kila moja ilikuwa na muhuri wa dhahabu kwenye jalada kuonyesha kwamba ilipata tuzo. Aliwaambia walimu kwamba mtoto akisoma jambo lisilowezekana hulazimika kufikiri, na mwalimu anayekimbilia kusema hiki kweli, hiki uongo, huiua hadithi kabla haijafanya kazi yake. "Msiiue hadithi," alisema. Wengine waliandika, wakasahau. Binti wa fundi cherehani hakuandika, lakini alirudi na neno lile.

Wenzake hawakumwacha hivihivi. Ofisini walimwita Mama Majini, na mwalimu wa hesabu, jirani yake wa meza, alikuwa na utani wake wa kila asubuhi.

"Mwenzangu, wewe wafundishe kupaa, mimi nawafundisha kugawanya. Siku ya mtihani tutaona swali litatoka la mabawa au la sehemu."

"Anayepaa huona mbali," naye alijibu. "Labda ataliona hata jibu lako, maana wewe mwenyewe unalitafutaga mpaka nyuma ya kitabu."

Wakacheka, wakanywa chai. Lakini darasani mambo yalikuwa yanabadilika kweli. Vitabu havikutosha, hivyo watoto walikaa watatu kwa nakala moja, vichwa vimegusana. Kabla ya kufungua sura, kila mtoto alisema anachodhani kitatokea, na baada ya kusoma waliochemka walichekwa na waliopatia walitamba. Ukuta wa nyuma ulichorwa kwa chaki ramani ya mji wa kwenye kitabu, na mfagiaji alikatazwa kuugusa. Watoto waliokuwa wakisoma kwa kupapasa kama mtu atembeaye gizani, sasa waligombea zamu.

Aliyegombea kuliko wote ni msichana mdogo, mwembamba, waliyemwita Bi Maswali. Hakuna kilichompita bila kuulizwa. Kwa nini mfalme wa kitabuni hana mke? Je, mji ulio chini ya mji hupata mvua? Wenzake walikuwa wakiguna akinyoosha mkono, na mwalimu, ingawa hakupaswa kuwa na kipenzi, alikuwa akiungoja mkono ule.

Bi Maswali aliishi na bibi yake. Mama yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, mtoto akiwa ameshika ukingo wa kitanda mpaka kwenye mlango wa kijani mwishoni mwa ukumbi, hapo akaambiwa aachie. Akaachia. Mama hakutoka kwa mlango ule tena. Mtoto akapelekwa kwa mama yake mdogo, akarudishwa baada ya maziko, na bibi akamkalisha kitako, akamwambia, "Mama yako ametangulia, mjukuu wangu."

Ni neno zuri, na watu wazima hulisema kila siku bila kukosea. Lakini mtoto wa miaka tisa anajua na hajui. Kwake, aliyetangulia ni yule aliye mbele njiani, na wa mbele hungoja wa nyuma. Bibi alidhani shule itamweleza vizuri zaidi. Yeye mwenyewe ulimi ulikuwa mzito kwa uchungu wa mwanawe. Mwalimu, aliyeelezwa habari zote siku ya kumpokea mtoto, alidhani nyumbani wamekwisha kumweleza. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na mtoto akabaki katikati na neno lake moja.

Riwaya ya muhula ule ilikuwa ya msichana anayemtafuta mama yake. Mama ametoweka nyuma ya mlango, na mlango ule humfungukia yule tu anayebisha kwa kitu kilichozoea mkono wa aliyepotea. Mwalimu alipoichagua alimfikiria Bi Maswali. Alikuwa ameisoma mpaka mwisho. Alijua kwamba katika sura ya mwisho mlango unafunguka kweli, binti anamwona mama, na mama anamwambia kwamba waliovuka hawarudi, kwamba kumpenda hakutamrudisha. Na binti anarudi nyumbani peke yake. Mwalimu aliona kitabu kitalisema jambo lile kwa upole kuliko kinywa cha mtu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, ingawa lilivaa nguo za hekima. Kazi iliyokuwa yake aliitwika kitabu.

Ijumaa moja waliifikia sura ambayo binti anaufikia mlango. Kengele ikalia kabla hajabisha. Watoto wakalalamika, mwalimu akatabasamu kama watabasamuvyo wasimuliaji, akafunga kitabu. Wengine walipotoka, Bi Maswali alibaki mbele ya ramani ya chaki.

"Mwalimu, mtu akitangulia, ukibisha anaweza kukusikia?"

Mwalimu alikuwa akikusanya nakala. Alilisikia neno lile, na kitu kilimchoma kidogo kifuani, kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo. Angeweza kuketi naye kwenye dawati. Angeweza kusema. Lakini ilikuwa Ijumaa, sura ya mwisho ilikuwa Jumatatu, na kanuni ilikuwa kanuni.

"Wewe unaonaje?" alisema.

Mtoto alifikiri. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyepewa alichokitaka.

"Mimi naona ndiyo."

"Haya, Jumatatu tutaona," mwalimu akasema, akampapasa kichwani.

Jumatatu mwalimu alipoita majina, Bi Maswali hakuitika. Aliyeketi naye dawati moja aliinuka, akatazama huku na huku kama mtu mwenye siri inayomzidi uzito.

"Amekwenda kubisha, Mwalimu. Amechukua kitana cha mama yake. Alisema asisimuliwe tutakaposoma, maana yeye atakuwa anajua."

Mwalimu hakuuliza kubisha wapi. Alimwomba mwalimu wa hesabu amshikie darasa, naye, alivyomwona uso, alisahau utani. Hospitali haikuwa mbali. Alikwenda akikimbia pale pasipo na watu na akitembea upesi penye watu, kwa maana hata katika msiba mwalimu huona haya kukimbia njiani.

Alichokikuta alikuja kusimuliwa mwanzo wake na muuguzi. Mtoto aliingia na watu waliokuja kuona wagonjwa, akiwa na sare na kitana mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ukumbi. Akagonga mlango wa kijani kwa kitana. Akasema hodi, taratibu, kama alivyofundishwa na mama yake. Akagonga tena. Muuguzi akafungua, akiwa na kofia ya kazi, akidhani ni fundi wa taa.

Mtoto alichungulia kwapani mwake. Ndani palikuwa na ndoo, kipangusio cha sakafu, na viatu vya plastiki vimepangwa ukutani.

"Namtafuta mama," alisema. "Aliingia humu."

"Leo?"

"Mwaka jana."

Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa, akamshika mabega, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto huyu alikuwa bado amefichwa habari hiyo, alisema lililo kweli kwa neno lililonyooka: mwanangu, aliyeingia mwaka jana na hakutoka, huyo alikufa. Humu hakai mtu. Hawakukwambia?

Mwalimu alimkuta kwenye benchi ukumbini. Hakuwa akilia. Kitana kilikuwa mapajani, na muuguzi amesimama kando akipangusa mikono iliyokwisha kukauka. Mwalimu akapiga magoti mbele ya mtoto, sakafuni, hapo watu wanapopita na ndoo. Mtoto aliinua kichwa.

"Ulikuwa unajua?"

Hata pale, kwa mazoea ya miaka, jibu la kwanza kumfikia mwalimu mdomoni lilikuwa lile lile la siku zote. Akalimeza.

"Nilikuwa najua."

"Mbona nilikuuliza, ukaniuliza mimi?"

Mwalimu alimwambia mengi: kwamba alikosea, kwamba alitaka kitabu kimwambie kwa upole, kwamba sura ya mwisho ingesema. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yamechelewa. Mtoto alisikiliza kama anayesikiliza tangazo la watu wengine.

Jioni walikaa watatu nyumbani kwa bibi, mlango umerudishwa. Bibi hakumlaumu. Alisema yeye ndiye aliyeanza, alitafuta neno lisilouma, akasahau kwamba lisiloumiza kinywa cha msemaji laweza kumpoteza msikilizaji. Akasema wahenga hawakukosea, mficha maradhi kifo humuumbua. "Mimi nilidhani utamwambia wewe, Mwalimu." "Na mimi nilidhani wewe, Bibi." Mtoto alikuwa kati yao, akivuta nywele zilizonasa kwenye meno ya kitana, nyeusi na ndefu, ambazo hazikuwa zake. Hapo ndipo alipolia, na bibi akamkumbatia. Mwalimu akatoka nje, kwa kuwa pale hapakuwa na nafasi yake.

Sura ya mwisho ilisomwa wiki iliyofuata. Bi Maswali alikuwepo. Mama wa kitabuni alisema aliyoyasema, watoto kadhaa walifuta machozi kwa mikono ya mashati, na mvulana wa dawati la mbele akauliza kama ni kweli kwamba waliovuka hawarudi. Mwalimu akaweka kitabu mezani. "Ni kweli," alisema. "Waliokufa hawarudi." Darasa likashtuka kwa kujibiwa.

Tangu siku hiyo aliivunja kanuni kila ilipohitajika. Riwaya hakuziacha, aliendelea kuzisoma na kila darasa alilopewa, na watoto waliendelea kubashiri, kuchora na kugombea zamu. Lakini mtoto akiuliza kweli, alipewa kweli, hata kama hadithi ingekufa.

Bi Maswali alimaliza shule ile. Alisoma vizuri kuliko wengi, aliwaamkia walimu kwa heshima, na mwalimu wa hesabu alimsifu kwa utulivu wake. Jina lake la utani lilikufa lenyewe, kwa kuwa halikuwa na maana tena. Wenzake waliponyoosha mikono, wake ulibaki juu ya dawati. Mwalimu aliungoja mpaka siku ya mwisho ya mtoto yule shuleni. Hakuulizwa swali jingine.