Kinyozi Aliyetaka Orsa Asife

Umeme ulikatika Radhamés Almonte akiwa na wembe mkono wa kulia na kipanya cha kompyuta mkono wa kushoto, na koo la mzee Polibio limeelekea dari, limejaa povu la sabuni.

"Mtu asitikisike," alisema Radhamés.

Feni ilipunguza mwendo, ikawa kama inataka kusimama. Halafu inveta ya betri iliyokuwa chini ya meza ikaguna na kushika kazi. Kioo cha kompyuta hakikuzimika. Watu waliojazana kwenye benchi wakashusha pumzi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mtaa wa Gurabito, Santiago, na kinyozi huyu alikuwa katikati ya vita visivyoachika. Alivianza kiti kikiwa kitupu, akidhani atamaliza kabla ya chakula. Hakumaliza. Badala yake akaingia mzee Polibio, mlinzi mstaafu wa shule, amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, mjukuu wake anaolewa jioni hiyo hiyo. Mteja wa namna hiyo humwambii arudi kesho.

"Radhamés," alisema mkewe Yocasta kutoka kwenye meza yake ya kupaka rangi kucha, karibu na mlango, "huyo mzee ana arusi. Usimgeuzie ikawa msiba."

"Ni mchezo wa zamu, mpenzi. Mimi nacheza, kisha adui anacheza. Akiwa anacheza yeye, mimi nanyoa."

"Na ukiwa unafikiri?"

"Nikifikiri sinyoi."

"Basi, mwanangu, fikiri upesi," alisema mzee Polibio akiwa amebana midomo, "maana povu linakauka."

Benchi lilicheka, lakini kicheko cha watu ambao macho yao yako kwingine. Wote walikuwa wanatazama kioo. Pale palikuwa na daraja la mawe, upande huu watu wanne wadogo, upande ule jeshi la Mfalme wa Chumvi.

Gemu lenyewe lilikuwa la kizamani, picha zake zimechakaa, sauti zake kama redio iliyolowa. Humo mchezaji hujiumbia mtu wake, akampa jina na tabia, akatembea naye nchi nzima, akikusanya wenzake njiani na kuamua nani amsaidie na nani amwache. Mwisho wa yote ni daraja hili. Lazima mtu mmoja abaki katikati yake kuzuia jeshi wakati wenzake wanafunga lango. Radhamés alikuwa ameshalimaliza mara nne, na mara zote nne aliyebaki darajani alikuwa Orsa, bibi tabibu mwenye kigugumizi, kwa sababu Orsa alikuwa na dua ya kuwachelewesha maadui. Mara zote nne aliuawa. Lango likafungwa, ngoma zikapigwa, majina ya waliotengeneza gemu yakapita.

Mara ya tano Radhamés alisema Orsa hafi.

"Haiwezekani," Eligio alikuwa amemwambia tangu mwanzo. "Gemu limeandikwa hivyo. Bibi anakufa, watu wanakwenda kulala."

Eligio Tavárez alikuwa dereva wa lori la ndizi za kupika, mtu mwenye tumbo la mbele na sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa amemsimamia ubatizo binti wa Radhamés na Yocasta, kwa hiyo yeye na Radhamés waliitana kompadre, na kompadre ana ruhusa ya kukuambia lolote. Kila alipopitia kunywa kahawa alimkuta mwenzake kwenye kile kioo, na kila mara alikuwa na la kusema.

"Gemu ukishalimaliza ni muwa uliotafunwa, kompadre. Unatafuta sukari gani kwenye makapi?"

Na Radhamés, ambaye kwa mambo mengine ni mtu wa maneno machache, hapo alikuwa haishiwi. Mara ya kwanza, alisema, mtu hucheza kama anakimbilia basi. Haoni kitu ila mgongo wa lile basi. Mara ya pili ndipo anaanza kuwasikia watu. Kuna ombaomba pale sokoni ambaye yeye alimpita mara tatu bila kumsemesha. Ya nne akasimama, akaambiwa habari ya ndugu wawili iliyogeuza maana ya vita vyote. Mara ya tatu na kuendelea unaacha kuwa wewe. Unakuwa mwizi, unakuwa mtawa, unakuwa mwoga, uone dunia ile ile inakupokeaje. Hakupenda wale wanaosoma kwenye mtandao upanga mzuri umefichwa wapi, na zaidi hakuwapenda wanaohifadhi mchezo kabla ya kila mlango, wakijikwaa wanarudi nyuma kufuta kosa.

"Ukifuta kila kosa hujacheza," alisema. "Umefanya mazoezi ya woga tu."

Ndiyo maana safari hii alichagua roho moja. Kwa namna hiyo gemu huweka faili moja tu na kujiandika juu yake lenyewe. Mtu wako akifa, limefutika. Miezi yote aliyotembea naye, basi tena. Alimwita mtu wake Casimiro, akamlea taratibu, mteja mmoja akitoka kabla mwingine hajaingia, na mtaa ukazoea kuuliza habari zake. "Casimiro amefika wapi?" Kama anayeulizia jirani aliyekwenda kufanya kazi mbali.

Sasa Casimiro alikuwa amesimama katikati ya daraja, peke yake, na Orsa alikuwa nyuma, kwenye gurudumu la lango.

Inveta ikalia mlio mmoja mfupi.

"Betri hizo," alisema Yocasta. Alikuwa amesema habari za betri hizo tangu Pasaka.

"Zima feni," alisema Radhamés.

"Zima feni? Na joto hili?"

"Zima feni, zima taa ya kioo cha kunyolea, toa chaja za simu zenu zote. Tafadhali."

Watu wakanyanyuka, wakachomoa. Joto likashuka juu yao kama blanketi lililotoka majini. Radhamés akabofya; Casimiro akainua ngao. Akageuka, akavuta wembe kutoka sikioni kwa mzee Polibio mpaka taya, mkono umetulia kabisa, akapangusa povu kitambaani. Akageuka tena. Maadui wawili walikuwa wamevuka nguzo ya kwanza, na damu ya Casimiro ilikuwa chini ya nusu.

"Mweke bibi darajani," alisema Eligio.

Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake kidogo cha kahawa. Hakuna aliyemwona akiingia.

"Kompadre, leo nyamaza."

"Mweke bibi! Ana ile dua. Zamu mbili tu, unamaliza."

"Nimesema nyamaza."

Mzee Polibio alifumbua jicho moja. "Mwanangu, ukigombana, weka wembe kwanza."

Radhamés akauweka mezani. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio. Aliona vizuri kwamba Eligio alisema kweli: dua ya Orsa ingewasimamisha, lango lingefungwa, Casimiro angerudi nyumbani mzima. Ndilo jibu alilolijua kwa mara nne. Mshale wake ulikaa juu ya jina la bibi yule, na benchi zima likaona umekaa hapo. Inveta ikalia tena, safari hii mara mbili. Kwenye duka la jirani mtu alipigiza kete ya domino, na mama mmoja akamwambia yeyote yule huko nje anyamaze.

Akausogeza mshale. Akampa Orsa amri ya kuendelea kuzungusha gurudumu, na Casimiro amri ya kusimama pale pale.

Lango lilishuka hatua moja. Ilibaki moja. Maadui wakaanza zamu yao. Wa kwanza akapiga akakosa, benchi likapiga kelele, wa pili akainua shoka.

Kioo kikawa cheusi.

Betri za inveta zilikuwa zimekwisha. Kila mmoja alikuwa anajiona uso wake kwenye kile kioo kilichozimika. Radhamés alibaki ameinama, mkono juu ya kipanya, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya ukuta.

Baadaye sana, mzee Polibio akasema kwa upole, "Shavu la pili, mwanangu. Wakinipiga picha upande mmoja haitapendeza."

Radhamés akasogeza kiti cha mzee mpaka mlangoni penye mwanga, akampaka povu upya, akamaliza kazi. Hakumkata hata mahali padogo. Alimkung'uta kola, akamtakia heri, akakataa pesa yake. Watu wakaondoka mmoja mmoja wakimgusa bega, kama wanavyotoka kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Umeme ulirudi jua likiwa linateremka. Yocasta ndiye aliyewasha kompyuta, kwa sababu mumewe alikuwa anafagia nywele mahali ambapo hapakuwa na nywele tena. Gemu lilifunguka. Jina la Casimiro lilikuwepo. Yocasta alipolibofya, yakatokea maneno kwamba faili limeharibika na halisomeki.

"Halikusema amekufa," alisema Yocasta. "Limesema limeharibika."

"Ni yale yale."

"Si yale yale. Hukushindwa."

"Yocasta, niache kidogo."

Hapo ndipo Eligio, ambaye hakuwa ameondoka, aliyekuwa amekaa muda wote kwenye benchi, akaingiza mkono mfukoni akatoa flashi ya kijani. Akaiweka mezani, karibu na kopo la poda.

"Casimiro yuko humu," alisema. "Wa Jumatano."

Radhamés akaegemeza fagio ukutani.

"Ulipokwenda kununua nyembe ukaniachia duka. Nilinakili."

"Kwa nini?"

"Kwa nini, kwa nini! Lile gemu ulilonipa mwaka juzi, nililokuambia sijalifungua. Ninalo kwenye kompyuta ya mwanangu." Uso wake ulikuwa umeiva. "Nilitaka kuona kama inawezekana bibi asife. Kabla yako. Nije nikuambie, kompadre, umechelewa."

"Umemchukua mtu wangu ukaenda kumcheza nyumbani kwako."

"Nimemchukua."

"Na unanisimamia hapa unasema makapi ya muwa!"

"Nimesema, ndiyo, nimesema!"

Walikuwa wamesimama wote wawili, vifua vimekaribiana, na Yocasta aliacha chupa ya rangi wazi mezani. Alimjua mumewe. Hakuwa mtu wa kupiga, lakini alikuwa mtu wa kunyamaza miaka. Ndugu yake wa damu alinyamaziwa miaka sita kwa sababu ya pikipiki.

"Ikawaje?" aliuliza Radhamés mwishowe. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nini?"

"Darajani. Ikawaje?"

Eligio akatazama sakafu. "Nilimweka Casimiro kama ulivyopanga wewe. Damu ikashuka. Nikaogopa. Nikamweka bibi. Alipokufa yule mama nilizima mashine. Sikutazama hata ngoma. Usiku wote nageuka kitandani, mke wangu ananiuliza nimekula nini."

Radhamés akaketi. Akaitazama flashi, kisha akaichukua, akaichomeka. Faili likatokea, na tarehe yake, safi. Siku tatu nyuma tu. Sheria yake ilikuwa nyepesi siku zote alipoihubiria wengine na kahawa mkononi. Sasa ilikuwa nzito, na hakuwa na uhakika kama bado ni sheria au ni kiburi. Umeme si shoka. Nani angemlaumu?

"Fungua," alisema Yocasta. "Nani atakuona?"

Pengine kama asingesema hivyo angefungua. Alikaa na mshale juu ya jina lile mpaka kioo kikapunguza mwanga chenyewe. Kisha akaichomoa flashi akamrudishia Eligio.

"Huyu ni wako. Mwisho wake umeshautoa wewe. Wangu alibaki pale."

"Kompadre..."

"Vuta kiti," alisema Radhamés. "Na funga mdomo mpaka tuvuke mto."

Akaanza upya, roho moja tena. Mtu mpya walimuumba kwa pamoja, wakibishana mpaka Yocasta alipofunga duka: Eligio alitaka mwanamke, tena mpishi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia mpishi akiokoa nchi. Wakamwita Altemira. Betri mpya zilinunuliwa wiki iliyofuata, na Yocasta ndiye aliyezichagua.

Walifika darajani mwaka mpya umeshaingia, Jumanne moja asubuhi, umeme ukiwepo, duka likiwa na watu wawili tu: kinyozi na kompadre wake aliyekuwa amechelewesha ndizi za watu. Hapakuwa na wa kupiga kelele. Altemira alisimama katikati, Orsa kwenye gurudumu. Zamu ya mwisho shoka lilimpata Altemira barabara, akaanguka juu ya mawe, na Radhamés akatoa sauti ndogo kama aliyechomwa sindano.

Lakini Orsa alikuwa ameshamaliza kuzungusha. Lango lilifungwa.

Ngoma hazikupigwa. Badala yake yule bibi akageuka, peke yake, akawatazama, na maneno yakaanza kujiandika chini ya kioo, maneno ambayo Radhamés hakuwa ameyaona katika safari zote nne, kwa sababu katika safari zote nne aliyeyabeba alikuwa maiti.

"Anasemaje?" Eligio alimshika mkono kwa nguvu. "Miwani yangu iko kwenye lori. Kompadre, anasemaje? Nisomee."

Radhamés akakohoa, akasogeza kiti, akaanza kumsomea polepole, pamoja na kigugumizi chake chote.