Vina Bila Maneno

Baba aliuza khanga Kariakoo, na kabla ya kupokea mzigo wowote alisoma kwanza jina, yale maneno yaliyochapwa chini ya khanga. Alihesabu mizani akigonga kaunta kwa rula ya kupimia vitambaa. Silabi ikizidi hata moja, alitikisa kichwa: "Guni hili!" Guni ni shairi bovu, lililokosa mizani au vina, na kwa baba karibu kila kitu kilikuwa guni: vipaza sauti vya wauza viatu, hotuba za harusini, hata pilau ya dada yake.

Mimi binti yake alinifundisha njiani. Tukirudi Ilala kwa miguu alinitupia mshororo, nami nimjibu kwa vina vilevile, mizani nane kwa nane. Baada ya mafuriko fulani ya bonde la Jangwani alisema:

"Mvua ya Jangwani jana, imebeba hadi viti."

Nikamjibu: "Majirani twaitana, tumepanda kwenye miti."

Alicheka mpaka akashika ukuta wa watu.

Mwaka huu kiharusi kimemnyang'anya maneno yote. Muuguzi alitushauri tumsemeshe mambo aliyoyazoea, nami nikajiona nina dawa mkononi. Kila jioni nilikaa kitandani pake, nikamtajia mvua ya Jangwani, nikasubiri. Kimya. Ilifika mahali nikaichukia jioni yenyewe, maana nilijua itakuja na kimya kilekile.

Halafu siku moja, kabla sijasema lolote, akafungua mdomo.

"Tatata tata tatana, tatata tatata titi."

Mkono wake mmoja usiopooza ulikuwa unagonga ukingo wa kitanda. Nilihesabu kwa vidole. Nane kwa nane, na "na" katikati, na "ti" mwishoni. Neno halikuwamo hata moja, lakini vina vilikuwa vyake, vya mchezo wetu. Nikapiga vigelegele. Baba akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akigonga kwa nguvu, machozi yakimchuruzika. Nikalia naye kwa furaha.

"Tena, baba! Tena!"

Akarudia. Nikampigia makofi.

Mama akaja mbio kutoka jikoni. Alimtazama baba usoni, kisha akafunua shuka.

"Anaomba kwenda chooni huyu," alisema. "Muda wote huu anaomba, wewe unapiga vigelegele?"

Shuka lilikuwa limelowa chapachapa.

Tulimgeuza, tukamsafisha, mama akamfunga khanga kavu kiunoni. Baba alifumba macho muda wote, yeye ambaye hakuwahi kutoka nje bila shati la kupigwa pasi. Nilitaka kumwomba radhi na sikupata hata neno la guni.

Tangu siku ile hajatoa sauti tena. Mama anambembeleza, muuguzi anambembeleza. Mimi nimekata tamaa, ila jana nilijikuta nimekaa palepale, nikamtajia mvua ya Jangwani taratibu, mpaka mwisho wa mshororo.

Aligeuza uso, akatazama ukuta.